John W. Davis: wakili aliyekataa malipo akitetea shule za ubaguzi

Kila tunapozungumzia msaada wa kisheria hewani, simu za wasikilizaji hurudi kwenye swali lilelile: wakili anayefanya kazi bila kulipwa anapata nini? Wapo wanaosema anapata thawabu, na wapo wanaosema anatafuta jina. Lakini lipo swali la pili ambalo huulizwa mara chache, nalo ni zito kuliko la kwanza: wakili huyo amemchaguaje mtu wa kumsaidia bure?

Nchini Marekani swali hilo limeingia kwenye siasa moja kwa moja. Huko kampuni kubwa za mawakili, zile zenye mamia au hata maelfu ya wanasheria, hutumia sehemu ya muda wao kila mwaka kuendesha kesi bila malipo. Wapo wanaozisifu kwa hilo, na wapo wanaodai kwamba kazi hiyo ya bure imeegemea upande mmoja wa siasa. Mwaka 2025 mabishano hayo yalifika hadi Ikulu ya nchi hiyo.

Ili tuyaelewe vizuri, tunasimulia maisha ya mtu aliyefariki dunia miaka mingi kabla ya mabishano ya leo. Jina lake ni John William Davis. Aligombea urais, alikuwa balozi, aliongoza moja ya kampuni kubwa za mawakili jijini New York, na wanasheria wengi wa zama zake walimhesabu kuwa miongoni mwa wasemaji hodari kabisa waliowahi kusimama mbele ya Mahakama ya Juu. Leo anakumbukwa zaidi kwa kesi moja aliyoshindwa, na kesi hiyo aliifanya bure.

Nyumbani kwa wakili

Davis alizaliwa tarehe 13 Aprili 1873 katika mji wa Clarksburg, jimbo la West Virginia. Jimbo hilo lilikuwa na umri wa miaka kumi tu. Lilizaliwa mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, baada ya watu wa milimani kukataa kujitenga na Marekani pamoja na ndugu zao wa Virginia.

Baba yake, John James Davis, alikuwa wakili na mwanasiasa. Alikuwa miongoni mwa waliosimamia kuundwa kwa jimbo hilo, kisha akaingia kwenye Bunge la Marekani. Alikataa nchi igawanyike, lakini pia alipinga kukomeshwa kwa utumwa, na baadaye akapinga marekebisho ya Katiba yaliyowapa haki ya kupiga kura wanaume weusi waliotoka utumwani. Aliamini kwamba mambo ya namna hiyo yaamuliwe na kila jimbo lenyewe, bila serikali kuu kuingilia.

Tunaitaja imani hiyo ya baba kwa sababu mtoto aliirithi na hakuiacha hadi kufa.

Davis alisoma katika Chuo Kikuu cha Washington and Lee, jimbo la Virginia. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1892 na ya sheria mwaka 1895. Alifundisha hapo kwa muda mfupi, kisha akarudi Clarksburg kufanya kazi ofisi moja na baba yake. Mwaka 1899 aliingia kwenye bunge la jimbo, na mwaka 1911 akaingia kwenye Bunge la Marekani kwa tiketi ya chama cha Democratic.

Alipolipwa na serikali

Mwaka 1913 Rais Woodrow Wilson alimteua kuwa Wakili Mkuu wa Serikali, yaani mtu anayesimama mbele ya Mahakama ya Juu kwa niaba ya serikali ya Marekani. Alikaa kwenye kiti hicho hadi mwaka 1918, na hapo ndipo sifa yake ilipojengeka. Alikuwa na sauti tulivu, aliijua kesi yake kwa kichwa, na alizifupisha hoja ndefu hadi jaji akaona jambo ni jepesi.

Kesi mbili za kipindi hicho zinatuhusu sana. Ya kwanza ilitoka jimbo la Oklahoma. Jimbo hilo lilikuwa limeweka mtihani wa kusoma na kuandika kwa wapiga kura, lakini likawasamehe watu ambao wao au wazee wao walikuwa na haki ya kupiga kura tarehe 1 Januari 1866. Hesabu yake ni rahisi kuiona. Mwaka 1866 watu weusi karibu wote hawakuwa na haki hiyo, kwa hiyo mtihani uliwabakia wao peke yao, huku mzungu asiyejua kusoma akipita kwa jina la babu yake. Davis aliishambulia sheria hiyo kwa niaba ya serikali, na mwaka 1915 Mahakama ya Juu ikaifuta.

Kesi ya pili ilitoka Alabama. Huko mtu maskini, mara nyingi mweusi, akipigwa faini na kushindwa kulipa, mwenye shamba alimlipia na kumchukua akamfanyie kazi hadi deni liishe. Akitoroka, alikamatwa, akapigwa faini nyingine, na deni likaanza upya. Davis aliieleza mahakama kwamba huo ulikuwa utumwa uliobadilishwa jina. Mwaka 1914 mahakama ilikubaliana na serikali.

Kwa hiyo mtu ambaye nyumbani kwake alifundishwa kwamba majimbo yaachwe yajiamulie mambo yao alisimama mara mbili na kuyashinda majimbo kwa faida ya watu weusi. Alifanya hivyo kwa sababu mteja wake, yaani serikali, ndivyo alivyotaka. Davis aliamini sana kwamba kazi ya wakili ni kumtetea mteja na kuacha maoni yake binafsi nyumbani. Tuikumbuke imani hii, maana itakutana na mtihani mkubwa huko mbele.

New York na uchaguzi wa 1924

Mwaka 1918 Wilson alimpeleka London kuwa balozi wa Marekani nchini Uingereza. Aliporudi mwaka 1921 alijiunga na kampuni ya mawakili ya New York iliyokuwa ikiihudumia benki ya J. P. Morgan. Jina la Davis liliwekwa mbele, na hadi leo kampuni hiyo inaitwa Davis Polk. Wateja wake walikuwa mabenki na mashirika makubwa ya biashara. Kati ya 1922 na 1923 alikuwa rais wa Chama cha Mawakili wa Marekani, na wakati huohuo alipoulizwa kama angependa kuteuliwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, aliomba asifikiriwe.

Mwaka 1924 chama cha Democratic kilikutana New York kumtafuta mgombea urais. Mkutano ulivunjika katikati. Wajumbe wa vijijini na wa kusini walimtaka William McAdoo, na wa mijini walimtaka Al Smith, gavana wa New York, ambaye alikuwa Mkatoliki. Palikuwa na pendekezo la kulilaani kwa jina kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan, likashindwa kwa tofauti ya takriban kura moja. Wajumbe walipiga kura kwa zaidi ya wiki moja, raundi baada ya raundi, na katika raundi ya 103 wakakubaliana na mtu ambaye hakuwa chaguo la kwanza la kambi zote mbili. Mtu huyo alikuwa Davis.

Agosti mwaka huo, akiwa kwenye mkutano wa kampeni huko Sea Girt, New Jersey, Davis alilitaja kundi la Ku Klux Klan kwa jina na kulipinga, jambo ambalo chama chake kilishindwa kulifanya. Mnamo Novemba alishindwa vibaya na Calvin Coolidge. Alipata chini ya asilimia 29 ya kura zote na akashinda majimbo 12 tu, yote ya kusini pamoja na Oklahoma. Alirudi kwenye ofisi yake ya New York.

Kesi ya bure ya kwanza

Miaka michache baadaye alimkuta mteja wa aina nyingine kabisa. Douglas Clyde Macintosh alikuwa raia wa Canada na mwalimu wa theolojia katika Chuo Kikuu cha Yale. Aliwahi kuwa mchungaji wa wanajeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Alipoomba uraia wa Marekani aliulizwa kama angechukua silaha kuilinda nchi. Akajibu kwamba angefanya hivyo endapo dhamiri yake ingemwambia kuwa vita hiyo ni ya haki. Akanyimwa uraia.

Davis aliichukua kesi hiyo bila malipo na kuitetea mbele ya Mahakama ya Juu. Alitetea haki ya mtu kuweka dhamiri yake juu ya amri ya serikali. Mwaka 1931 alishindwa kwa tofauti ya kura moja, majaji watano kwa wanne. Mwaka 1946 mahakama hiyohiyo iligeuza msimamo wake katika kesi ya mtu mwingine, na hoja alizozitetea Davis zikashinda bila yeye kuwepo.

Hapa tunaona kile ambacho wengi wetu hukitarajia tukisikia neno msaada wa bure. Wakili wa mabenki anamsimamia mwalimu asiye na nguvu dhidi ya serikali, na hachukui kitu. Kama maisha ya Davis yangeishia hapo, makala hii ingekuwa fupi.

Siasa zake zinajulikana

Mwaka 1934 Davis alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa American Liberty League, jumuiya iliyopinga sera za Rais Franklin Roosevelt za kuinua uchumi kwa mkono wa serikali kuu. Alipinga pia sheria ya taifa dhidi ya makundi ya raia yaliyokuwa yakiwaua watu weusi bila mahakama, si kwa kuunga mkono mauaji hayo, bali kwa hoja ileile ya baba yake, kwamba jambo hilo ni la majimbo.

Mwaka 1952 Rais Harry Truman alivichukua viwanda vya chuma wakati wa vita vya Korea ili mgomo usivifunge. Wenye viwanda walimtafuta Davis. Akiwa na miaka 79 alisimama mbele ya Mahakama ya Juu na kusema rais hana mamlaka hayo. Alishinda, majaji sita kwa watatu. Kesi hiyo ilikuwa ya malipo, na ilimfanya aonekane kama mzee asiyezeeka.

Miezi michache baadaye alirudi mahakamani hapo kwa kesi ya bure.

Watoto waliotaka basi

Clarendon ni wilaya ya mashamba katika jimbo la South Carolina. Wakati huo wakazi wake wengi walikuwa weusi. Watoto weupe na weusi walisoma shule tofauti kwa amri ya sheria. Shule za wazungu zilikuwa na mabasi 30. Shule za weusi hazikuwa na hata moja, na watoto walitembea maili nyingi kwa miguu. Katika mwaka wa masomo wa 1949 na 1950 wilaya ilitumia dola 179 kwa kila mtoto mweupe, na dola 43 kwa kila mtoto mweusi.

Mkulima Levi Pearson na mchungaji Joseph DeLaine walianza kwa kuomba basi. Walipokataliwa, ombi likakua. Wazazi wakatia saini karatasi ya kudai shule zilizo sawa, na jina la kwanza kwenye kesi likawa la Harry Briggs, mfanyakazi wa kituo cha mafuta.

Gharama ilikuja haraka. Briggs alifukuzwa kazi. Mkewe, Eliza, naye alipoteza kazi yake. Pearson alinyimwa mikopo ya kilimo. Nyumba ya mchungaji DeLaine ilichomwa moto. Briggs alilazimika kwenda jimbo la Florida kutafuta kibarua.

Wazazi hao hawakuwa na uwezo wa kulipa wakili. Kesi yao ilichukuliwa na mfuko wa kisheria wa chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, ukiongozwa na Thurgood Marshall. Mfuko huo uliishi kwa michango. Mawakili wake walipata mishahara midogo, na walizungukwa na wanahistoria, wanasaikolojia na wanasheria waliojitolea muda wao. Mmoja wao, mwanasaikolojia Kenneth Clark, aliwaonyesha watoto weusi 16 wa Clarendon wanasesere wawili, mmoja mweupe na mmoja wa kahawia. Watoto 10 walimpenda zaidi yule mweupe.

Mwaka 1951 kesi hiyo ilisikilizwa Charleston na majaji watatu. Wakili wa wilaya alianza kwa kukiri kwamba shule hazikuwa sawa, akaomba muda wa kuzirekebisha. Majaji wawili walikubaliana naye. Wa tatu, Waties Waring, aliandika kwamba kutenganisha kwenyewe ndiko kunakoleta kutokuwa sawa. Kesi ikaelekea Mahakama ya Juu.

Gavana anabisha hodi

Gavana wa South Carolina alikuwa James Byrnes, mtu aliyewahi kuwa jaji wa Mahakama ya Juu na pia Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani. Alikuwa ameanzisha kodi ya mauzo ya asilimia 3 ili kujenga shule bora za watoto weusi, kwa matumaini kwamba majengo mapya yangeokoa ubaguzi wa zamani. Alijua pia kwamba anahitaji wakili ambaye majaji wangemsikiliza kwa heshima. Akamwendea Davis.

Davis alikubali, na akakataa malipo.

Hapa ndipo ile imani yake inapopata mtihani. Wakili akilipwa anaweza kusema kwamba anafanya kazi yake tu. Fundi seremala hatoi maoni juu ya atakayelala kwenye kitanda anachokitengeneza. Lakini wakili anapofanya kazi bure, kisingizio hicho kinapungua. Hakuna aliyemlazimisha na hakuna mshahara unaomsukuma. Saa zake anampa anayemtaka. Kwa hiyo kesi ya bure inatuonyesha moyo wa wakili kuliko kesi ya malipo.

Na moyo wa Davis ulionekana. Serikali ilipomlipa, aliwapigania wapiga kura weusi wa Oklahoma akashinda. Alipokuwa huru kuchagua, alichagua jimbo lenye hazina, polisi na mwanasheria wake mkuu, dhidi ya mfanyakazi wa kituo cha mafuta. Hakulitazama jambo kwa jicho hilo. Kwake yeye, South Carolina ilikuwa ndiyo inayoonewa na serikali kuu, kama vile Macintosh alivyoonewa.

Tungemkosea kama tungesema hakuwa na dhamiri. Alikuwa nayo. Ilikuwa dhamiri iliyomwona mwalimu wa Yale, ikaliona jimbo, lakini haikumwona mtoto anayetembea maili kadhaa kwenda shule.

Desemba mbili mahakamani

Davis na Marshall walikabiliana mara mbili, Desemba 1952 na Desemba 1953. Kesi tano za shule zilikuwa zimekusanywa pamoja, kutoka Kansas, South Carolina, Virginia, Delaware na mji mkuu Washington. Katika kesi ya South Carolina, mzee wa miaka 80, mwenye nywele nyeupe na koti rasmi la mkia, alikabiliana na mtu wa miaka 45 aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard. Alipokuwa chuoni, Marshall alikuwa akitoroka darasani kwenda Mahakama ya Juu kumsikiliza Davis. Alimhusudu kwa ufundi wake.

Hoja za Davis zilikuwa nne. Kwanza, mahakama ilikwishaamua mwaka 1896 kwamba kutenganisha watu si kosa ikiwa huduma ni sawa, na miaka mingi ya maamuzi haivunjwi ovyo. Pili, Bunge lililopitisha Marekebisho ya 14 ya Katiba ndilo lililoendesha shule zilizotenganishwa mjini Washington, kwa hiyo haliwezi kuwa lilikusudia kuzipiga marufuku. Tatu, elimu ni kazi ya jimbo. Nne, South Carolina ilikuwa imeanza kujenga shule sawa kwa nia njema, iachwe imalize. Utafiti wa wanasesere aliukejeli.

Mwaka wa pili alitumia ile hadithi ya Aesop ambayo wengi wetu tuliisoma shule ya msingi, ya mbwa aliyeachia nyama mdomoni ili akamate kivuli chake majini. Alimaanisha kwamba watu weusi wako karibu kupata shule nzuri, na wataipoteza nyama wakikimbilia kivuli cha heshima.

Marshall alijibu kwa mambo ya kawaida. Watoto weusi na weupe wa kusini hucheza pamoja mashambani na barabarani, wanaachana kwenda shule, kisha wanarudi kucheza pamoja. Aliwataka majaji waeleze ni kitu gani kinachotokea ndani ya shule tu kinacholazimu watenganishwe.

Hukumu na zawadi ya fedha

Kati ya Desemba hizo mbili, Jaji Mkuu Fred Vinson alifariki na nafasi yake ikachukuliwa na Earl Warren. Davis bado alitarajia kushinda, pengine kwa majaji waliogawanyika. Tarehe 17 Mei 1954 Warren alisoma uamuzi. Majaji wote tisa walikuwa upande mmoja: kutenganisha watoto shuleni kwa rangi kunavunja Katiba.

Bunge la South Carolina lilimtumia Davis seti ya vyombo vya chai vya madini ya fedha kama shukrani. Hiyo ndiyo aliyoipata.

Mwaka huohuo wa 1954 alikuwa miongoni mwa mawakili waliomsaidia mwanafizikia Robert Oppenheimer, aliyekuwa akituhumiwa kuwa si mtu wa kuaminiwa na siri za nchi. Ndivyo alivyokuwa. Aliweza kumtetea mtu anayeandamwa na serikali kuu, na papo hapo kuitetea serikali ya jimbo inayowaandama wengine.

Davis alifariki tarehe 24 Machi 1955 mjini Charleston, South Carolina, akiwa na miaka 81. Alikuwa amesimama mbele ya Mahakama ya Juu katika kesi takriban 140.

Harry na Eliza Briggs, mchungaji DeLaine na Levi Pearson walikuwa wamekwisha kufariki Bunge la Marekani lilipowatunukia nishani za dhahabu, mwaka 2004.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki, aliyemshinda Davis si mgeni. Mwaka 1960 Thurgood Marshall alikwenda Kenya, kisha akashiriki mkutano wa Lancaster House mjini London akiwa mshauri wa wajumbe Waafrika, na akaandika rasimu ya haki za msingi kwa ajili ya katiba ya nchi hiyo. Mwaka 1967 akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani.

Baada ya Davis, mizani yaelekea wapi?

Davis alipokufa, mtu mweusi wa kusini aliyeshtakiwa kwa kudai haki zake alipata shida kubwa kumpata wakili. Wengi wa mawakili weupe wa huko waliogopa au hawakutaka. Juni 1963 Rais John Kennedy aliwaita Ikulu mawakili zaidi ya 200, wengi wao wakitoka kampuni kubwa, akawaomba wasaidie. Ikaundwa kamati ya mawakili ya haki za raia. Mwaka 1970 kampuni ya Hogan & Hartson ya Washington ilianzisha idara nzima ya kazi za bure, na wengine wakafuata. Chama cha Mawakili wa Marekani kinawahimiza wanachama kutoa angalau saa 50 kwa mwaka, ingawa hakiwalazimishi.

Tangu hapo lawama zimegeuka upande. Wahafidhina wanasema kampuni kubwa hutoa kazi ya bure kwa wahamiaji, wafungwa, watetezi wa haki ya kutoa mimba na wapinzani wa bunduki, na kwamba mteja wa upande wao hukuta mlango umefungwa. Mwaka 2007 ofisa mmoja wa Wizara ya Ulinzi alizilaumu hadharani kampuni zilizowatetea bure wafungwa wa Guantánamo. Alijiuzulu baada ya kelele kubwa. Wanaozitetea kampuni hujibu kwamba mtu asiye na pesa za wakili mara nyingi ndiye huyohuyo mhamiaji, mfungwa au mpangaji maskini, kwa hiyo kumsaidia maskini kunaonekana siasa hata pasipo siasa.

Ipo lawama nyingine isiyosikika sana. Kampuni inayohudumia mabenki na waajiri wakubwa ni vigumu kuchukua bure kesi ya mfanyakazi dhidi ya mwajiri au ya mdaiwa dhidi ya benki. Mteja anayelipa atakasirika. Kwa hiyo kazi ya bure huenda pale ambapo haimgusi anayelipa bili.

Kisha ikaja 2025. Rais Donald Trump alitoa amri dhidi ya kampuni kadhaa za mawakili. Nne zilikwenda mahakamani na kushinda katika ngazi ya kwanza. Nyingine tisa zilifikia makubaliano naye na kuahidi kazi ya bure yenye thamani ya takriban dola milioni 940 kwa shughuli ambazo serikali yake inaziunga mkono. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kuona saa za bure zikijadiliwa kama mali.

Maisha ya Davis yanatukumbusha kwamba zilikuwa hivyo tangu zamani. Saa ya wakili hodari ni nguvu, na anayeigawa bure bado anaigawa kwa upande fulani. Hilo si kosa lenyewe. Marshall pia alikuwa na upande. Kosa ni kudhani kwamba neno bure linatosha kutuambia nani amesaidiwa.

Kwa hiyo ukisikia kwamba kampuni ya mawakili, popote ilipo, imetoa maelfu ya saa bila malipo, usiishie kwenye idadi. Uliza nani alichagua kesi hizo. Uliza kama aliyesaidiwa angeweza kumpata wakili mwingine. South Carolina ingempata. Wazazi wa Clarendon walikuwa na Marshall na michango ya watu, na bila hao wasingekuwa na mtu.